Kapu juu ya Kaburi la Viviane

Jeanine alitoka Mahagi akiwa msichana, akaja Bunia kulea mtoto wa watu. Mtoto huyo alikuwa Viviane, binti ya Kamate, mfanyabiashara wa mtaa wa Ngezi na jirani yangu. Kamate na mkewe walikuwa njiani kila wiki, leo Aru, kesho Komanda, na bidhaa zao. Aliyemfundisha Viviane kutembea ni Jeanine. Aliyemshika mkono mpaka malaria ilipomchukua ni Jeanine pia. Sisi majirani tuliyaona hayo wala hatukushangaa. Yaya si analipwa?

Baada ya mazishi alikusanya vitu ambavyo mtoto alivipenda: kikombe chake cha plastiki, kitana, mdoli asiye na mkono. Akavitia katika kapu, akaliweka juu ya kaburi na kulifunika kwa kipande cha bati na jiwe, mvua isiingie. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kung'oa majani yaliyolizunguka. Hakuwa na picha ya Viviane hata moja. Alikuwa na kapu hilo tu.

Siku ya kumaliza matanga ilipokaribia, Kamate aliamua kujenga kaburi la kustahili jina lake. Akamwita injinia Firmin, wakachagua kwenye simu nguzo nne za simenti zenye vichwa vya majani yaliyojikunja. Alipoliona kapu alikunja uso.

"Mutoshe ile uchafu," aliwaambia wafanyakazi. "Watu watasema siye tuko maskini."

Wakalichoma pamoja na magugu. Jeanine hakuambiwa; wiki hiyo yote alikuwa jikoni kwa patron, tajiri wake, akiwapikia wageni. Asante ya punda ni mateke, na Kamate aliyapiga akiwa amevaa kostimu na tai.

Siku yenyewe Firmin alisimama mbele yetu kueleza kazi yake. Kichwa cha nguzo, alisema, Wafaransa hukiita shapito, na aina hii ilitoka Korintho, mji ule ule ambao Paulo aliuandikia barua. Zamani, kabla ya Paulo, inasimuliwa kwamba msichana alikufa huko. Yaya wake akakusanya vikombe alivyovipenda, akaviweka katika kapu juu ya kaburi, akalifunika kwa kigae. Mmea ukaota chini yake, majani yakapanda kandokando ya kapu, yakafika kwenye kigae na kujikunja. Mchongaji mawe akapita, akapendezwa, akayachonga juu ya nguzo, kapu na majani yake.

Tukapiga makofi. Kamate alifuta machozi, na naamini yalikuwa ya kweli, jambo ambalo linanikasirisha zaidi.

Jeanine alikuwa amefika na beseni la mandazi, akasikia yote. Aliangalia kaburi, vigae vipya vinang'aa, juu yake hakuna kitu.

"Patron, kapu ya mutoto iko wapi?"

Kamate akaonyesha juu ya nguzo. "Si ile pale, Jeanine? Tena iko quatre. Ya simenti, haitaoza."

Jeanine akazitazama nguzo zote nne, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Iko muzuri, patron," alisema. "Kikombe yake iko mu ile gani?"

Kamate akamgeukia Firmin. Jeanine akainua beseni lake akaanza kutugawia mandazi. Nasi tukapokea, tukala.