Video Niliyoiita Gemu

Kampuni yetu ya gemu ilikuwa ndogo, ghorofa ya pili, mjini Rockville, Marekani. Tulipewa kazi ya kuchukua gemu kubwa, iliyotengenezwa kwa mashine zenye nguvu za sebuleni, tuihamishie kwenye kifaa kidogo cha kushika mkononi. Ndani ya gemu hiyo mlikuwa na msitu mzima na soko lenye mamia ya watu. Bosi akauliza kama itaingia. Nikajibu, bila kupima chochote, kwamba itaingia yote kama ilivyo.

Aliyepima ni mwenzangu, dada mmoja wa Nairobi. Wiki tatu alikaa na kifaa kile mpaka kikawa kinamchoma viganja. Akanifuata mezani.

"Kaka, hii kitu itaingia, lakini si yote. Tukate msitu, tupunguze watu sokoni. La sivyo itakuwa inakwamakwama tu."

Ilinipasa kumshukuru. Badala yake, kwenye kikao, nikasema kwa Kiingereza changu kizuri kwamba wengine wetu huogopa kazi ngumu. Aliinamisha macho, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Siku ya kuwaonyesha wenye gemu ilipokaribia, toleo langu, lisilopunguzwa kitu, lilikuwa linajizima kila baada ya dakika moja. Basi nikarekodi gemu ikichezwa kwenye kompyuta kubwa, nikaiweka video ile kwenye kifaa. Nikajizoeza chooni, mbele ya kioo, namna ya kuchezesha vidole gumba kana kwamba nacheza kweli.

Siku ilipofika nikajifanya nacheza, na wageni wakafurahi. Ndipo mama mmoja mtu mzima, mmoja wa wageni hao, akanyoosha mkono akaomba ajaribu. Akabonyeza kushoto. Shujaa wa gemu akaenda kulia. Akabonyeza tena. Shujaa akaendelea na safari zake.

Kabla sijafungua mdomo, dada yule akasimama.

"Samahani, hicho kimekwama. Jaribu hiki."

Akampa kifaa chake, chenye toleo alilokuwa amelipunguza mwenyewe bila kuniambia. Msitu ulikuwa haba, sokoni watu hawakuzidi ishirini, lakini shujaa aligeuka kila alikoambiwa. Mama yule alicheza mpaka chai yake ikapoa. Kisha akanipa mkono mimi, kiongozi wa kazi, akanisifu kwa kujua cha kupunguza.

Nikasema asante.

Jioni nilimfuata dada yule hadi kwenye gari lake.

"Dada, nisamehe. Umeniokoa."

"Sikukuokoa wewe," alisema, akitafuta funguo. "Wangetunyang'anya kazi sote."

"Kesho nitamwambia bosi ukweli."

"Sawa. Mwambie."

Sikumwambia. Wala wiki iliyofuata. Naye hakuniuliza; baada ya miezi michache akahamia kampuni nyingine, upande wa Virginia.

Gemu ilitoka, watu wakaipenda. Mwishoni, yanapopita majina ya walioitengeneza, langu liko juu kabisa. Lake liko chini, na limekosewa herufi. Orodha ile niliipitia mimi kabla haijatoka. Nililitilia shaka jina lake, lakini nikaona aibu kumpigia simu kumwuliza linaandikwaje.