Chaza Wote Walifunga Mdomo

Chaza wote walikuwa wamefunga mdomo.

Beseni zima. Hakuna hata mmoja aliyeacha upenyo wa ukucha.

Nimefuga chaza wa mtoni tangu nina meno yote, hapa Kisangani, kwenye vikapu tunavyofunga kwenye mawe karibu na maporomoko. Kitu kama kile sijawahi kuona.

Sikilizeni, wanangu. Siku ile mjukuu wangu Benie alikuwa anakufa.

Ngoja niwategee kitendawili kwanza. Anakunywa mto mzima na bado ana kiu. Nani?

Chaza huyo. Anavuta maji, anatema maji, lakini uchafu wa mto unamkalia tumboni. Ndiyo maana kwangu haliwi siku anayotoka mtoni. Namlaza siku mbili kwenye maji safi ya mvua, nabadilisha, nabadilisha tena. Anafungua mdomo, anatoa takataka zake zote. Ndipo anaingia chunguni.

Safari hii nilikuwa kwenye matanga, mtaa wa Makiso. Mke wa mwanangu, Fortunée, mzaliwa wa Isangi, akawalaza kwenye beseni, akangoja siku mbili zake sawasawa. Wakubwa wakala wa mchuzi, waliochemka. Benie akapewa wabichi, na ndimu na pilipili, namna mama yake alivyokula nyumbani kwao.

Kesho yake mtoto akafunguka juu na chini, kutapika na kuhara. Macho yakazama. Ngozi ukiifinya inabaki imesimama.

Niliitwa matangani, nikawakuta kituo cha afya wakihangaika kumtundikia serumu ya mshipani. Infirmière, yule muuguzi, akanivuta pembeni, akaniita koko, yaani bibi.

"Koko, omba Mungu. Mushipa inakataa."

Mwanangu Rashidi akamgeukia mke wake.

"Umeua mutoto yangu! Na mambo yenu ya kula vitu mbichi! Benie akifa, leo leo unapanda pirogue, unashuka mto, unarudi Isangi!"

Fortunée hakugeuka. Ameshika tu kamguu ka mtoto.

"Si naongea na wewe? Umekuwa bubu?"

Akamfuta mtoto kwa kitenge chake.

Vitenge vyote vilikuwa vimechafuka. Nikapanda toleka, kijana akakanyaga baiskeli yake mpaka nyumbani, Kabondo, nichukue vingine. Ndipo nikaliona lile beseni uani, na chaza waliobaki.

Wamerogwa? Wamekufa? Hapana. Chaza akifa anajiachia wazi. Hawa walikuwa wazima. Kuna kitu walikuwa wanakikataa.

Nikainama. Nikanusa.

Javel, ile dawa kali ya kufulia na kusafishia maji!

Nikajua papo hapo. Chaza akisikia Javel anafunga nyumba, na uchafu wake anabaki nao ndani. Siku zote mbili hawakutema kitu!

Nikarudi kituoni mbio.

"Nani alimwaga Javel ndani ya beseni yangu?"

Fortunée akainamisha kichwa. Aliyejibu ni Rashidi, sauti imekatika.

"Mama... ni mimi. Si wanasema kipindupindu iko mu quartier, humu mutaani? Nilitia mu bidon, mu ndoo, mu beseni, popote niliona maji. Nilitaka kulinda Benie."

Akateleza na ukuta mpaka chini.

"Fortunée, ulijua?"

"Nilimuona, mama. Nilifikiri itasafisha zaidi. Mutoto alipoanza kutapika, ndiyo nikaelewa chaza hawakutema kitu."

"Sasa anakutukana mbele ya watu, mbona hukusema?"

Akanitazama kwa macho makavu.

"Benie akifa, papa yake ataishi namna gani akijua? Bora anichukie mimi."

Jamani! Rashidi alitambaa mpaka miguuni pa mke wake, mbele ya wagonjwa wote, akilia kwa sauti.

Hata machozi yake hayakumwinua mtoto. Tulikaa pale, hakuna anayemtazama mwenzake, tukihesabu pumzi za Benie. Nikamwambia Mungu anichukue mimi, nimekula chumvi ya kutosha.

Jua linaelekea kuzama, mshipa ukakubali. Tone. Tone. Tone.

Midomo iliyopasuka ikafunguka.

"Koko... tega."

Nikamtegea, kama kila jioni, huku kamasi zinanishuka: "Amefunga mlango kumzuia mwizi, kumbe mwizi yuko naye ndani."

"Chaza," akasema.

Mama yake ndiye aliyeangua kilio. Kwa mara ya kwanza siku ile.

Wanangu, chaza usimtilie Javel. Mpe maji safi, mpe muda, halafu mchemshe mpaka aive kabisa, hata kama umemsafisha. Na mtu wako akifunga mdomo, usimpigie kelele. Kaa naye mpaka afungue.