Mama Alipoupa Muhogo Hewa

Mjukuu wangu akifunua ndoo ya muhogo uliolowekwa, ule uchachu unanipanda puani, na mimi, bibi mzima mwenye wajukuu wengi na kiburi cha kutosha, nageuka tena mtoto wa Kisangani, enzi za chama kimoja, watu walipochungulia mlango kabla ya kusema neno.

Mama alipika kwanga, mkate wa muhogo uliochachuka, na kwanga yake iliulizwa mpaka Banalia. Alijaza kila pipa maji pomoni, akakandamiza majani ya ndizi juu ya muhogo, akafunika, akaweka jiwe. "Uchachu iko kama mwali," alisema, "inafanya kazi yake mlango ikiwa imefungwa. Ukiipatia hewa, bageni babaya banaingia." Aliyefunua alikula kofi. Mimi nililila, likanitosha.

Bon. Papa, baba yetu, alikuwa mpagazi bandarini. Wenzake walipotoka kwenda kumchezea ngoma na kumwimbia Kiongozi, yeye alibaki ameketi, akasema mgongo unamuuma. Mtu akamchongea. Mama akatuambia papa ameenda Isangi kutafuta samaki, nasi tukaamini.

Kesho yake nikamkuta Mama ameondoa mawe, vifuniko viko chini, anakoroga muhogo kwa mwiko, anakoroga, upepo unaingia. Kila asubuhi hivyo hivyo. Ule uchachu safi ukafa. Juu pakaota ukungu mweupe, halafu mweusi. Maji yakavutika kama kamasi, na uvundo ukajaa jikoni mpaka mbwa wa jirani akabadili njia. Tulishinda na njaa. Nilimwita mwendawazimu, kwa sauti ya chini, maana mkono wake niliujua. Alinisikia, akaendelea kukoroga. Kofi lile lisilokuja ndilo lililonitia woga.

Kisha asubuhi moja basoda wakaja. Walipindua vitanda, wakadunga kuta kwa singe za bunduki. Jikoni mkubwa wao akaziba pua, akaniinamia.

"We mutoto, kuko nini humu?"

"Muhogo yetu," nikasema, nikilia. "Mama iko na wazimu. Ameozesha yote, na sisi tuko na njaa."

Akamgeukia Mama, akamwita raia kama chama kilivyoagiza. "Sitwayeni, unaozesha chakula ya batoto?"

Wakacheka, wakatema mate, wakatoka. Hakuna aliyetaka kugusa pipa.

Nilikuja kujua nikiwa tayari mama wa watoto: nyuma ya mapipa palikuwa na shimo, na papa alikuwa ndani, anavuta uvundo ule, ananisikia. Isangi alifika baadaye, kwa mtumbwi wa pirogi, akapona. Nikamuuliza Mama kwa nini alinificha siri ile. Akajibu bila kuacha kutwanga: "Weye haujue kudanganya. Nilikuwa na lazima na hasira yako, ya kweli."

Watu wananisifu eti nilimwokoa baba yangu. Mimi nasikia baridi. Ningempenda Mama zaidi kidogo asubuhi ile, ningemtetea. Wale wangeshuku, wangesogeza mapipa.