Mnunuzi Hana Mke

Mumewe alikuwa kinyozi, na vinyozi hawaishiwi maneno, lakini asubuhi ile katika ofisi ya mthibitishaji wa hati alikaa kimya kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Mkewe hakujali. Alikuwa mpishi wa hospitali, wenzake jikoni wakimwita Mama Sufuria, na leo alikuwa ameomba ruhusa kazini aje kushuhudia nyumba yao ikiwa yao.

Ndiye aliyeiona mwanzo. Ndiye aliyefungua mabomba yote ahakikishe maji yanapanda, akamchokonoa jirani mpaka akasema paa halivuji. Mambo ya karatasi alimwachia mume, maana zamu zake zilianza alfajiri, na lugha ya wenyeji alijua ile ya jikoni tu.

Katika nchi ile waliyohamia, mgeni hanunui nyumba kama anayenunua nyanya. Kwanza apate kibali cha serikali, kisha wakili achunguze kama nyumba ina deni au kesi, kisha mkataba wa awali, na mwisho ndio huo: mthibitishaji anaisoma hati nzima kwa sauti, na mkalimani aliyeapishwa anairudia kwa lugha ya mnunuzi bila kuruka hata mstari. Sheria hiyo iliwekwa ili wageni wasipigwe changa la macho. Nani angedhani siku moja ingemvua mtu nguo?

"Mnunuzi," mkalimani akasema, mama wa makamo mwenye sauti kavu, "kazi yake kinyozi, mkazi mgeni, hajaoa."

Mama Sufuria alimtazama mumewe amsahihishe yule mama. Mume alikuwa akitazama kucha zake.

Ilibidi waombe dakika chache, na pale pembeni, karibu na kabati la mafaili, kinyozi akayatapika yote. Alipoingia nchini peke yake miaka ile, wajuaji walimwambia kapera hupata karatasi upesi, akaandika kapera. Ndoa yao ilikuwa ya wazee wa pande mbili kukubaliana sebuleni kwa baba mkwe, cheti hawakuwa nacho, akaona si uongo mkubwa, atarekebisha baadaye. Sasa wakili amemweleza kwamba kurekebisha ni kukiri aliidanganya serikali. Kibali cha kuishi kitafutwa, na cha nyumba kitakwenda nacho. Na mgeni haruhusiwi kununua kwa ubia ila na mwenzi mwenye cheti.

"Ulijua, ukaniacha nichague mapazia?"

"Nilishindwa kusema, mke wangu."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Mama Sufuria kuliko yote. Alitamani ampige kibao, na papo hapo akamwonea huruma, maana shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Hakukuwa na wa kumlilia. Wakili alikuwa ameshaeleza, sheria ilikuwa imeshasomwa, na mwenye kuuza alikuwa akitazama saa yake.

Waliporudi mezani walikuta karatasi nyingine inasubiri. Mtu mzima yeyote atakayeishi humo bila kuwa mwenye nyumba lazima atie sahihi kwamba hana haki yoyote juu ya nyumba hiyo, na atatoka akiambiwa atoke.

"Dada," mkalimani akamwuliza, na safari hii sauti ilikuwa imelainika kidogo, "wewe ni nani wake? Lazima iandikwe."

Kinyozi alifumba macho. Mama Sufuria angesema neno moja tu la kweli, wote wawili wangerudi barabarani na mabegi yao. Miaka yote ile aliyokuwa mke, hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Andika mpangaji," akasema, akachukua kalamu.

Funguo alikabidhiwa mwenye nyumba, kama sheria inavyotaka. Walipofika, kinyozi alihangaika na kitasa kipya mpaka kikakubali, akaingia mbele, akawasha taa, akageuka, akasema lile linalomjia kila mtu mlangoni.

"Karibu."

Mama Sufuria alisimama kizingitini. Mabomba ya nyumba ile aliyajua moja moja, hata lile la nyuma linalonguruma.

"Asante, baba mwenye nyumba," akajibu. Akavua viatu, akaviweka vizuri nje ya mlango, akangoja aonyeshwe pa kukaa.