Mgongo Usiooshwa

Nilipooa mara ya kwanza, kule Tanga, mjomba wangu alinisinga mpaka nikalia. Kwetu bwana harusi hasafishwi kwa sabuni peke yake. Analazwa mkekani, anapakwa liwa, ule unga wa msandali, na maganda ya machungwa yaliyosagwa, kisha anasuguliwa kama sufuria ya pilau iliyoungua. Mjomba alikuwa kuli wa bandarini, kiganja chake msasa mtupu. Nilipolalamika akasema, "Nyamaza wee, mke haozwi pamoja na taka zako." Ndoa yenyewe haikufika mbali. Mke aliondoka, usafi ukabaki.

Lakini siyo hayo niliyotaka kusema. Nilitaka kusema habari za mgongo wa Mwingereza mmoja hapa Troyeville, Johannesburg, ambao ulikuwa haujapata kuoshwa tangu alipokuwa kijana, kwa maelezo yake mwenyewe.

Nilikuwa mlinzi wa ghorofa jirani. Magoti yaliponikatalia kusimama, binti wa huyo Mwingereza, anayeniita madala kama wazee wote wanavyoitwa huku, akaniambia, "Madala, njoo ukae na baba, umpikie na kumwogesha." Nikahamia chumba cha uani. Mzee alinipita umri kwa mbali, kwa hiyo akaniita kijana, na mimi mvi zimenifika mpaka puani. Nikafurahi. Tangu niingie Johannesburg hakuna aliyeniita kijana bila kutaka kuniibia.

Siku ya kwanza nikamkalisha kwenye kigoda bafuni. Miguu sawa, kifua sawa, kwapa sawa. Nilipozunguka nyuma akanishika mkono.

"Hapo basi."

"Mzee, hapo ndipo penyewe."

"Kwetu mgongo hauoshwi. Ukiuosha unalegea."

Kwao ni kijiji cha makaa ya mawe, kaskazini ya Uingereza. Nyumba za matofali zimeshikana safu kwa safu, zinafanana hata mlevi aliweza kulala kwa jirani na kuamshwa kwa chai na mke asiye wake. Makaa ya kuotea moto yalimwagwa rundo mbele ya kila mlango. Baba yake akitoka shimoni mweusi tii, mama anaweka karai kubwa mbele ya moto, anamsugua kila mahali ila mgongo. Mgongo ulipanguswa kwa kitambaa kikavu, maana mchimbaji anafanya kazi ameinama chini ya mwamba, na mgongo ukilegea hana kingine. Hata mabafu yalipojengwa mgodini, wazee waliingia, wakaosha mbele, wakatoka.

"Na shimo lenu sasa?" niliuliza.

Alicheka akakohoa. Shimo lilifungwa zamani. Kilima cha taka za mgodi kimepandwa nyasi, wameletwa kondoo. Lile gurudumu lililokuwa likiwashusha watu wamelikata nusu, wakalisimika kwa saruji njiani, wakapanda maua.

"Nusu!" alisema. "Hata mnara wa kaburi hawakutupa mzima."

Nikamwambia ana bahati. Hapa kwetu vilima vya taka za dhahabu vinachimbwa upya, na mashimo yaliyozibwa watu wanayazibua waingie. Huku mgodi ukifa hauzikwi, unafukuliwa.

Siku waliyofunga shimo la kwao, mzee alikunywa chai, akaosha kikombe, akamwambia mama yake, "Naenda kununua tumbaku." Barua yake ya kwanza ilitoka Johannesburg, kwenye dhahabu.

"Mama akangoja tumbaku?"

"Alijua. Sikuwa mvutaji."

Basi akaja nesi kumpima presha, akamfunua shati. Mgongo mzima una michirizi ya buluu, kama mtu aliyelalia wino. Akampigia binti simu, naye akafika mbio kutoka kwake Randburg. "Baba, hizi ni taka za miaka! Ijumaa nakuja na nesi. Nikiukuta mgongo hivi hivi, unakwenda nyumba ya wazee kule Randburg, na hii naifunga."

Mzee akafunga vifungo vya shati. Binti alipoondoka, mzee akaniambia, "Kijana, mimi nataka kufia hapa hapa." Hakuwa na haja nyingine duniani.

Nikafikiri. Nikaenda sokoni Newtown kwa Mzanzibari mmoja, nikarudi na liwa.

"Mzee, huku si kuoshwa. Hakuna maji. Kwetu hufanyiwa maharusi."

"Mabibi harusi?"

"Na mabwana."

Akanusa. "Mbona ina majimaji?"

"Hayo marashi. Marashi si maji," nikaapa.

"Eish," akasema, akavua shati.

Nilisugua, jamani. Nilimkumbuka mjomba, Mungu amrehemu, nikasugua na kwa niaba yake. Ngozi ikatakata kama ya mtoto, na ile michirizi ya buluu ikazidi kung'aa. Mzee mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Hiyo haitoki, kijana. Mwamba ukikukata, vumbi la makaa linaingia kidondani. Ngozi inafunga nalo humo humo."

"Mbona hukumwambia binti yako?"

"Hajaniuliza."

Ijumaa wakaja. Nikasema mimi, "Mama, si uchafu, ni makaa."

"Na makaa ni nini, madala, kama si uchafu?"

Mzee akakaa kwenye kigoda, akampa binti mgongo. "Sugua mwenyewe."

Binti akaleta maji. Nikayaona yanateremka pale yalipokatazwa miaka yote. Alisugua kwa nguvu, kisha polepole, kisha akaacha, kiganja kimebaki juu ya mchirizi mmoja. Nadhani alielewa. Lakini nesi akasema kutoka mlangoni, "Kama haitoki, basi ni ugonjwa. Ndiyo anahitaji uangalizi zaidi." Binti akaitikia kwa kichwa. Mtu akishakodi gari la kuhamisha kitanda, haliachi kwa sababu ya ukweli.

Wakaingia chumbani kufunga nguo zake. Mzee akavaa shati, koti na kofia. Akanywa chai yake yote, akaosha kikombe, akakifudikiza.

"Mgongo umeoshwa," akaniambia. "Tuone kama umelegea." Akachukua fimbo. "Naenda kununua tumbaku."

Nikamfungulia geti. "Sharp, mzee," nikamuaga kama wanavyoagana huku.

Spaza, kiduka kinachouza tumbaku, iko kulia. Yeye akashika kushoto, mgongo umenyooka kama nguzo, akavuka kwenye taa za barabarani, roboti kama waitavyo huku, zikiwa nyekundu, na hakurudi.