Betri ya Mama Joto

Wateja walimpa jina la Mama Joto kwa sababu chumba chake cha mbele hakikujua baridi. Humo ndimo ilimokaa mashine ya kutotolesha vifaranga: sanduku la mbao lenye mlango wa kioo, taa nne na feni ndogo, kazi ya mikono ya marehemu mumewe. Alilifuta vumbi kila asubuhi taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Watu walimletea mayai ya kuku wao, naye akawarudishia vifaranga. Mtu akiingia na kuanza kujipepea kwa kofia, alimwambia, "Vumilia, mwenzangu. Humu wewe ni mgeni tu, wenyeji wamo mayaini."

Adui yake alikuwa mmoja, umeme wa kukatikakatika. Yai haliombwi radhi. Likipoa, kifaranga hufia ndani ya ganda, na mwenye kuku hataki kusikia habari za mgao wa umeme. Ndiyo maana Mama Joto aliuza cherehani yake akanunua betri ya kuchomeka. Lilikuwa boksi la volti ndogo, ukubwa wake kama sanduku la safari, likichajiwa na paneli mbili za sola zilizolazwa juu ya paa la baraza. Halikuhitaji kubomoa ukuta wala kupanda darini. Unalichomeka kwenye soketi kama pasi, ila pasi hula umeme, na hili huutoa. Fundi alimwekea pia swichi ya kugeuza. Umeme wa mtaa ukikatika, anageuza swichi, na soketi zote za upande wake wa nyumba zinalishwa na betri.

Nyumba ilikuwa ya wazazi wake. Walipofariki, yeye na kaka yake waliigawa katikati, na kwa kuwa kaka alikuwa mwashi, ukuta wa kutenganisha aliujenga mwenyewe. Siku ya kufunga betri, fundi aliuliza kama waya za pande mbili zilitenganishwa.

"Ukuta nimejenga mimi, na waya nimesimamia mimi," kaka alijibu. "Kila mtu na chake."

"Una hakika, kaka?" Mama Joto aliuliza.

"Naapa kwa kaburi la mama. Unataka nini tena?"

Hakutaka tena kitu. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shule enzi za mafuriko. Angemshuku vipi?

Mwanzoni betri ilivuka mgao wa kutwa nzima bila wasiwasi. Kisha, bila sababu aliyoweza kuiona, ikawa inakata roho kabla ya alasiri. Alifuta paneli, akakagua kila taa, akajilaumu. Mayai aliyoyamulika kwa tochi na kuona uhai ndani yake aliyakuta baadaye kimya. Wateja wakaanza kupungua. Kaka alikuja kumpa pole, akaketi kwenye kigoda chake na kunywa chai yake.

"Nilikwambia, mdogo wangu. Vitu vya kuchomekachomeka ni vya maonyesho. Iuze. Nitakutafutia mnunuzi."

Maneno hayohayo aliwaambia na wateja waliopita mlangoni kwake. Mama Joto aliposikia, alidhani kaka anamhurumia kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Mteja aliyebaki ni nesi mmoja mstaafu, mfugaji wa kuku wa mbegu. Siku moja alikuja na trei ya mayai kaikumbatia.

"Mama yao kaliwa na kicheche," alisema. "Mbegu ile nimebakiwa na haya tu. Yakifa, Mama Joto, sitakugombeza. Ila sitarudi, na wenzangu wanasubiri kuona."

Mama Joto aliyapanga kwenye mashine. Yakiharibika haya, hatakuwa na kazi tena.

Mayai yalipokaribia kutotolewa, umeme wa mtaa ulikatika mchana kweupe. Redio zote zikanyamaza. Mama Joto aligeuza swichi, taa za mashine zikawaka, lakini akaona plagi ya betri imelegea. Akaizima betri kwanza ili aikaze.

"Aa! Jamani!" sauti ya wifi yake ikapenya ukutani. "Ndiyo kwanza anataka kumfumania!"

Mama Joto alibaki ameinama. Akaiwasha betri.

"Haya, afadhali!" wifi akasema. Runinga ikarudi, mwanamke akilia na mwanamume akijitetea.

Akaizima tena.

"Sasa nini tena? Mbona leo hivi?"

Akaiwasha.

"Asante Mungu!"

Mungu hakuwemo. Kilikuwa kidole cha Mama Joto.

Alizunguka nyumba na kuingia bila kupiga hodi. Wifi alikuwa mkekani mbele ya runinga. Pembeni lilinguruma friji la kugandishia barafu ya kuuza, lile ambalo kaka alilileta muda mfupi baada ya betri kuanza kazi. Waya zake na za runinga ziliishia kwenye soketi moja, katika ukuta ule wa kutenganisha.

"Karibu, wifi," alisema mwenyeji. "Leo betri yako ina deko kweli."

"Betri yangu?"

"Si hii uliyotuunganishia? Kaka yako alisema mmekubaliana. Kila siku nakuombea dua, wifi yangu." Kisha akauona uso wa mgeni wake, akainuka. "Kwani hakukwambia?"

Kaka aliingia wakati huo, saruji imemkaukia mikononi na miguuni. Alimtazama dada, akaitazama soketi.

"Kaka, soketi hii inalishwa kutoka wapi?"

"Ilibaki huku nilipojenga ukuta. Nikaona kuihamisha ni uharibifu."

"Nilikuuliza. Ukaapa."

"Ni friji tu, dada. Na tivii kidogo."

"Ungeniomba, ningekataa?"

Kaka alikwangua saruji kiganjani. "Usingekataa. Ndiyo shida yenyewe. Mimi mkubwa, nikaombe umeme kwa mdogo wangu?"

"Kwa hiyo heri kuiba. Na kunichafua kwa wateja? Yule mnunuzi uliyesema utanitafutia, ni nani?"

Macho ya kaka yalikwenda kwenye friji, na hilo likatosha kumfichua: mnunuzi ni yeye.

"Ndugu mui heri kuwa naye," alinong'ona mwishowe.

"Methali hiyo husemwa na aliyeonewa, kaka. Si na aliyeonea."

Alichomoa plagi zote mbili kwa mkono wake. Kesho yake fundi alikuja akaikata ile waya. Kaka hakutoka nje.

Tangu hapo betri ilivuka kila mgao. Mayai yakaanza kupasuka, na kufikia asubuhi ile aliyoitwa nesi, mashine ilikuwa imejaa milio. Nesi aliweka mikono kichwani, akacheka kama msichana.

"Hebu niambie siri. Umenunua betri mpya?"

Mlango ulikuwa wazi. Kule uani kaka alikuwa akikoroga udongo wa kuzibia ufa, na koleo lake likasimama. Mama Joto angeweza kusema tu kwamba ameitengeneza. Aibu ingebaki kwenye boksi, na nyumba ingekuwa na amani.

"Ni ileile," alisema. "Kaka yangu alikuwa akivuta umeme wangu kwa siri, huku akiwaambia nyinyi kwamba betri ni mbovu."

Koleo liliangushwa, na mlango wa upande wa pili ukafungwa. Nesi alisogea karibu, akashusha sauti.

"Kaka gani? Huyuhuyu wa hapa?"

"Huyuhuyu," Mama Joto alijibu, akiwahamishia vifaranga kwenye boksi la nesi, mmoja mmoja. "Sina mwingine."