Ratiba ya Vyuma na Majani ya Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti. Nilikuwa nimepima mahindi sokoni kwa miaka sita, na aliyeniita alisema kazi ni ya ukufunzi, nami nikadhani mkufunzi ni mtu wa koti. Mkufunzi Mkuu wa jimu ile, askari mstaafu ambaye shingo yake ililingana upana na kichwa, alinitazama kuanzia viatu hadi kola. Akaniambia nitundike koti kwenye msumari, nihesabu vyuma vyote vilivyomo, nimletee jumla.

Jimu ilikuwa nyuma ya gereji, mjini Arusha, chini ya mabati. Nilihesabu sahani, yaani vile vipande vya duara vinavyopachikwa kwenye ncha mbili za chuma kirefu ili kukiongezea uzito. Nikapata arobaini na sita. Nikahesabu tena, nikapata arobaini na sita. Nilipompelekea jumla yake nikaongeza neno ambalo hakuniuliza, kwamba zile zilizoandikwa ishirini sina imani nazo.

"Umeambiwa uhesabu," akasema. "Nani amekwambia upime?"

"Afande, mimi nimetoka kwenye mizani. Kitu nikikihesabu bila kukipima, sili nikashiba."

Akaniruhusu. Tulizipeleka sokoni kwa mkokoteni, tukazipandisha kwenye mizani ya magunia. Zilikuwa nane, zimesubiwa, yaani zimemiminwa kwa chuma cha kuyeyusha, na fundi wa mtaani, na hakuna hata moja iliyokuwa kilo ishirini. Moja ilikuwa kumi na nane, nyingine ishirini na mbili na nusu. Wanaume wazima walikuwa wametembea miaka wakiwa na bega moja chini, wakisingizia magodoro. Niliandika uzito halisi wa kila sahani kwa rangi nyekundu. Mkufunzi Mkuu aliangalia ile rangi, akaniambia nichukue koti langu niende nyumbani, na kesho nije na kaptula. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kwa vijana mnaosoma haya, mchezo wetu si ule wa kurusha chuma juu ya kichwa, wala si ule wa kujipaka mafuta na kutunisha misuli mbele ya watu. Wetu ni mambo matatu. Unachuchumaa na chuma mgongoni na kusimama nacho, jambo tunaloliita skwati. Unalala kwenye benchi na kukisukuma kutoka kifuani. Unakivuta kutoka chini hadi umesimama wima. Kila jambo unapewa majaribio matatu, na uzito wako mkubwa katika kila moja unajumlishwa. Kazi ya mkufunzi ni ratiba: siku gani, uzito gani, seti ngapi, na kila seti marudio mangapi.

Vijana walikuwa wakiniletea ratiba kwenye simu, ya bingwa wa nchi fulani ambaye halimi, hachoti maji, na ana mtu wa kumkanda miguu. Nilikuwa nasoma yote kwa heshima, halafu tunaanza kupatana. Kijana anasema ataanza na mia. Nasema sitini. Anasema tisini na tano, anaondoka kama mtu wa sokoni anayetaka kuitwa. Simwiti. Anarudi mwenyewe. Tunaishia sitini na tano, na kila siku ya mazoezi tunaongeza kilo mbili na nusu. Mgeni katika mchezo huongeza kila siku. Aliyezoea kidogo huongeza kila wiki. Mkongwe akiongeza kwa mwezi ashukuru. Kosa la karibu kila mtu ni kuchagua ratiba ya mkongwe kwa sababu ina maneno mengi. Na sheria yangu ilikuwa hii: ukimaliza seti, uwe umebakiwa na marudio mawili mfukoni. Anayemaliza yote leo atakuja kukopa kesho, na mwili una roho mbaya kwa wakopaji.

Kituo changu cha pili kilikuwa Usa River, kwenye loji yenye chumba cha mazoezi cha vioo. Meneja alikuwa mama mpole mwenye hofu moja tu, mgeni asiumie. Wageni hawakunifundisha kitu. Aliyenifundisha ni mpishi, aliyekuwa akinyanyua na mimi alfajiri. Kila loji ilipojaa alikosa wiki nzima, nami nilimsubiri arudi na kutu. Alirudi akinyanyua zaidi ya alivyoacha. Mara ya kwanza nilisema bahati. Mara ya pili nilifungua daftari, nikaanza kupanga wiki nyepesi, moja kila baada ya nne, ambayo mtu ananyanyua nusu tu, apende asipende. Meneja aliuliza kwa nini nawalipisha watu kwa kupumzika. Nikamjibu kwamba loji nzima ndiyo biashara yake hiyohiyo. Alicheka, lakini si sana.

Kituo cha tatu ndicho ninachotaka kukisimulia sawasawa.

Mchungaji wa usharika mmoja kule Akheri alikuwa na stoo ya zamani ya kahawa na vijana wasiotulia. Alinipa stoo, akanipa vijana, akanipa na sharti: chuma kisigonge sakafu wakati wa ibada. Mimi ni mtu wa Terrat, upande mkavu, kwa wafugaji. Kupanda huko kwenye migomba na ukungu kulikuwa kama kuhamia nchi nyingine, ingawa ni mwendo wa saa moja hivi.

Katika vijana wale alikuwamo Elitruda, binti wa miaka ishirini na mitatu, mfupi, mwenye mgongo ulionyooka kama ubao wa dirisha. Mwaka uliotangulia alikwenda kwenye mchujo wa mkoa kabla sijamjua. Alianza skwati na kilo mia na ishirini, akashindwa mara tatu. Ukishindwa skwati mara tatu umetoka, hayo mengine huyagusi. Katibu wa mchezo mkoani, mzee wa maneno machache, aliniambia waziwazi kwamba kwenye timu kulikuwa na nafasi mbili za wanawake wa uzito wake, na kwamba anayetolewa kwa skwati miaka miwili mfululizo yeye hamwiti tena. Tulikuwa na wiki kumi na mbili.

Nilimchagulia ratiba ya kuongeza kila wiki, siku tatu: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Niliipiga hesabu mara mbili. Wiki nne za kwanza ilikwenda kama nilivyoandika. Wiki ya sita ikasimama. Wiki ya saba, skwati ya kilo tisini na tano, uzito aliokuwa akiufanyia marudio matano mwanzoni, ilimkalisha chini kwenye marudio ya pili.

Nikamhoji kama polisi. Unalala? Nalala, kocha. Unakula? Nakula, kocha. Kuna mtu anakusumbua kwenye simu? Akatazama viatu vyake, akasema simu yake haina hata chaji. Basi nikafanya kosa ambalo bado linaniuma. Niliamua amekuwa mvivu, nikamwongezea seti. Wiki ya nane magoti yake yalitetemeka akiwa na chuma kitupu mgongoni. Hakulalamika hata mara moja. Ningekuwa na akili, hilo tu lingenitisha.

Jumanne moja nikapanda hadi kwao kwenda kumshtaki kwa mama yake. Mama Elitruda alinikaribisha kwa heshima zote, shikamoo, karibu kiti, akaleta chai ya maziwa. Nikamwambia binti yake ana kipaji lakini hajitumi. Alinionyesha kwa kidevu njia inayotoka bondeni.

Elitruda alikuwa anapanda mlima akiwa na mzigo wa majani ya tembo kichwani, mkubwa kiasi kwamba niliona majani yenye miguu. Aliutua mbele ya banda, akaniamkia, akashusha pumzi, akavua ngata. Ulikuwa mzigo wa tatu siku hiyo. Asubuhi alikuwa amechuma kahawa, na kahawa ikichumwa lazima imenywe siku hiyohiyo, na mashine ya kumenya ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na mkono ulikuwa wake. Msimu ulikuwa umeanza wiki ya tano ya ratiba yangu.

Sasa elewa upumbavu wangu ulipotoka. Kwetu ng'ombe huenda kwenye majani. Asubuhi unafungua zizi, anaondoka mwenyewe, jioni anarudi ameshiba. Kule mlimani majani ndiyo huenda kwa ng'ombe, na hayana miguu. Nilikuwa nimewaona wale ng'ombe mabandani miezi yote ile, wanene, wametulia, na sikujiuliza hata mara moja chakula chao kinafikaje.

"Mama," nikasema, "ng'ombe huyu haumwi miguu?"

"Haumwi. Mahali pa kumtembeza ndipo hatuna."

Niliomba mizani yao ya kuning'iniza, ya kupimia kahawa. Mzigo ulikuwa kilo arobaini na moja. Nikaupima tena, ukakataa kupungua. Mara tatu kwa siku, kupanda, siku sita kwa wiki. Nilikuwa nimemwandikia binti huyu seti tano, naye alikuwa akija kwangu akiwa tayari ameshamaliza kumi na tano.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Kocha, uliniuliza kuhusu mazoezi. Haya ni ya nyumbani."

Nikageukia mama yake tupatane. Nilianza juu: binti asibebe kabisa hadi mchujo. Mama Elitruda akacheka kwa adabu, kama mtu aliyetajiwa bei ya mwendawazimu, akasema msichana huyu alibeba majani kabla hajanijua na atabeba nikishaondoka, na ng'ombe hajui mchujo ni nini. Nikashuka: mzigo mmoja kwa siku. Akakataa. Kahawa haikungoja mtu, alisema, na ng'ombe pia. Nikamimina chai nyingine ili nipate muda. Mwisho tulikubaliana hivi: mizigo miwili, wa tatu atabeba mjomba, na wiki ya mwisho kabla ya mchujo, hakuna. Kwa upande wangu, kila Jumamosi ya wiki zile nitapanda kubeba mzigo mmoja, nijue ninachozungumzia. Nilipigania hilo hadi likawa nusu mzigo. Nusu mzigo wa Akheri ni mzigo mzima wa Terrat. Wazee wa usharika waliniona nikipanda na majani hadi kwenye nyusi, na hakuna aliyenisaidia, maana walikuwa wanafurahi.

Ratiba ya zamani niliichana. Katika mpya, majani yaliandikwa daftarini kama seti, kwa kilo na kwa safari. Skwati nzito ilibaki siku moja kwa wiki, Jumatatu, kwa sababu Jumapili hawakati majani, wanakata Jumamosi ya kutosha siku mbili. Jumatano niliifuta. Ijumaa ikawa ya benchi na kuvuta chuma chepesi. Wiki ya tisa nzima nikaifanya nyepesi, ingawa muda ulikuwa umebaki mdogo na mkono ulikuwa unaniwasha kuongeza. Ujasiri wa mkufunzi uko hapo, si kwenye kupiga kelele. Wiki ya kumi tisini na tano zikarudi, marudio matano. Wiki ya kumi na moja, mia na tano, marudio matatu, na mawili mfukoni.

Siku ya mchujo tulibishana kuhusu jaribio la kwanza. Yeye alitaka mia na kumi na tano. Mimi nilitaka mia na tano. Ukishataja uzito na kuushindwa, huruhusiwi kushuka, kwa hiyo la kwanza liwe lile unaloweza hata ukiwa na homa. Alisema watu watamcheka, mwaka jana alianza na mia na ishirini.

"Na mwaka jana uliinua ngapi?" nikamuuliza.

"Andika mia na tano," akasema.

Waamuzi watatu wakainua bendera tatu nyeupe, yaani limekubaliwa. La pili, mia na kumi na tano, nyeupe mbili na nyekundu moja, na mbili zinatosha. La tatu, mia na ishirini na mbili na nusu, alishuka nalo, akakwama katikati ya kupanda. Pale pale palipomwangusha mwaka uliopita. Nilihesabu moja, mbili. Kwenye tatu magoti yakakubali. Mama yake, aliyekuwa hajawahi kuingia ukumbini, hakupiga kelele. Aliketi, akafunga khanga upya.

Benchi ilikuwa ya kawaida. Kwenye kuvuta alihitaji mia na arobaini ili apate nafasi ya pili. Alivuta. Katibu aliandika jina lake, akaniuliza nilimfanyia nini. Nikasema nilimpunguzia.

Nimestaafu mwaka huu, nyonga zimeomba. Nikiulizwa nilichojifunza, nasema ratiba nzuri ni ile inayoijua siku nzima ya mtu: anabeba nini kabla hajafika, anarudi kubeba nini. Mkiwa wakufunzi, msimwongezee mtu seti hata moja kabla hamjafika kwao. Na akiacha kulalamika, msimsifu. Mfuateni.

Kabla sijaondoka nilimwandikia Elitruda ratiba ya mashindano ya taifa, wiki kumi na mbili, kazi ya miaka yangu yote. Alikaa nayo siku mbili. Akairudisha amefuta Ijumaa yote ya wiki ya tatu na ya nne, amepunguza skwati ya wiki ya saba, na pembeni ameandika sababu kwa herufi ndogo: kupogoa migomba, zamu ya maji ya mfereji, mama kwenda kliniki.

Nikaipitia mara mbili. Nikamwambia Ijumaa ya wiki ya tatu sawa, ya nne airudishe. Akasema hapana, kocha. Nikasema basi nusu yake. Akatikisa kichwa, akanikaribisha chai. Nikamwambia arudishe hata benchi peke yake, seti tatu nyepesi, dakika ishirini.

"Kocha," akasema, "mwili ni wangu."

Nikapokea chai.